Timu Ndiyo, Uwanja Hapana: Kisa cha Tasmania na Deni la Mpira

Serikali inapotaka kujenga uwanja mkubwa wa michezo kwa pesa za kukopa, anayepinga huitwa mara moja adui wa michezo. Tumeyasikia hayo hapa kwetu. Yamesikika pia katika kisiwa cha Tasmania, kusini mwa Australia, ambako ugomvi wa uwanja mmoja umechukua zaidi ya miaka miwili. Umewatoa wabunge wawili chamani mwao, umeingia katika chaguzi mbili zilizoitwa kabla ya wakati, na mwisho uwanja umepitishwa kinyume cha ushauri wa tume ya serikali yenyewe.

Nimekifuatilia kisa hiki tangu 2023, kwa kuwa mimi ni mpenzi wa mpira na ni mlipa kodi, na mara nyingi hao wawili hawasikilizani. Nitakieleza kwa mpangilio ili asiyekijua akijue, kisha nitasema ninavyoona.

Kisiwa na mchezo wake

Tasmania ina watu wapatao 570,000, hawafiki hata nusu ya watu wa Kaunti ya Mombasa. Ni jimbo la Australia lenye serikali na bunge lake. Mkuu wa serikali hiyo nitamwita Waziri Kiongozi, cheo ambacho wenye jamaa Unguja wanakikumbuka. Bunge lina mabaraza mawili: la chini, ambalo tangu 2024 lina wajumbe 35, na la juu lenye wajumbe 15, ambamo wasio na chama ni wengi. Mji mkuu, Hobart, uko kusini. Launceston uko kaskazini, na miji hii miwili hugombea karibu kila kitu, mpira ukiwemo.

Mpira wenyewe si huu wetu. Mpira wa Kiaustralia huchezwa na watu 18 kila upande, kwa mpira wenye umbo la yai. Mchezaji huupiga kwa mguu au huusukuma kwa ngumi, na goli ni milingoti minne isiyo na mwamba wa juu. Kiwanja nacho ni cha umbo la yai na kikubwa mno, kwani urefu wake waweza kupita mita 150, na kiasili hutumika pia kwa kriketi. Hilo likumbukwe, maana kriketi itarudi mbele.

Ligi kuu ya mchezo huu ni AFL. Makao yake ni Melbourne, ina vilabu 18, na 10 kati yao ni vya jimbo moja tu la Victoria. Tasmania haikuwa na hata kimoja. Wachezaji imetoa, tena wa kutajika: Darrel Baldock, Peter Hudson, Ian Stewart na Royce Hart wote walizaliwa kisiwani wakajenga majina yao katika vilabu vya Victoria. Kwa miaka mingi serikali ya Tasmania imevilipa vilabu vya bara, Hawthorn na North Melbourne, vije kucheza mechi chache Launceston na Hobart. Yaani kisiwa kilizaa wachezaji, kikawapeleka kwa wengine, kisha kikalipa ili kiwatazame. Asiyejua uchungu huo hawezi kuelewa kwa nini watu walikubali masharti waliyokubali.

Mkataba wa 2023

Tarehe 3 Mei 2023 AFL ilitangaza kwamba Tasmania itapewa timu, klabu ya 19. Shangwe zilikuwa kubwa, lakini leseni ilikuja na sharti: lazima ujengwe uwanja mpya Hobart, wenye paa na viti 23,000, pahala paitwapo Macquarie Point, kando ya bandari, palipokuwa zamani na karakana za reli. Sharti halikuwa la mdomo tu. Limo katika mkataba, na msimamo wa AFL tangu hapo umekuwa mmoja: bila uwanja hakuna timu.

Gharama iliyotajwa ilikuwa dola za Australia milioni 715. Serikali ya Tasmania, chini ya Waziri Kiongozi Jeremy Rockliff wa chama cha Liberal, iliahidi milioni 375. Serikali kuu ya Waziri Mkuu Anthony Albanese, ambaye ni wa chama cha Labor, iliahidi milioni 240 kwa ajili ya kuliendeleza eneo lote. AFL yenyewe, mwenye sharti, iliweka milioni 15 katika ujenzi. Zilizobaki zingekopwa.

Kwa haki ya AFL, ni lazima niseme kwamba ligi iliahidi pia pesa nyingine kwa timu na kwa kukuza mchezo mashinani, na kwa jumla ilitaja milioni 360 katika miaka 10. Hata hivyo, serikali nayo ilikubali kuipa klabu dola milioni 12 kila mwaka kwa miaka 12. Ukiuangalia uwanja peke yake, aliyetoa amri ya kujenga ndiye aliyechangia kidogo kuliko wote.

Wapingaji ni kina nani?

Siku chache baada ya tangazo, maelfu ya watu walikusanyika kwenye nyasi za bunge mjini Hobart. Ujumbe wao ulikuwa mfupi: timu ndiyo, uwanja hapana. Hawakuja kupinga mpira, kwani wengi walivaa rangi za Tasmania. Waliudhiwa kuambiwa kwamba mapenzi yao kwa timu ni rehani ya jengo.

Wapingaji hawakuwa kundi moja, na kila kundi lilikuwa na lake.

Wa kwanza ni wale wa hesabu. Tasmania ina upungufu wa nyumba, kodi za nyumba zimepanda, na magari ya wagonjwa hupanga foleni nje ya hospitali kusubiri vitanda. Watu hawa waliuliza kwa nini mamia ya mamilioni yapatikane kwa uwanja na yasipatikane kwa hayo. Chama cha Greens, kinachoongozwa na Rosalie Woodruff, kilishika hoja hii tangu mwanzo na hakikuiacha. Seneta Jacqui Lambie na mbunge wa Hobart katika bunge la shirikisho, Andrew Wilkie, nao waliipigia kelele.

Wa pili ni wale wa viwanja vilivyopo. Kisiwa kina York Park huko Launceston na Bellerive ng'ambo ya mto kutoka katikati ya Hobart, na kila kimoja huingiza watu wapatao 20,000. Mechi za AFL zimekuwa zikichezwa hapo hapo. Watu wa kaskazini waliliona jambo hili kama kawaida ya Hobart kujivutia kila kitu.

Wa tatu ni wale wa mahali penyewe. Jirani ya eneo hilo upo mnara wa kumbukumbu ya askari waliokufa vitani, na chama cha maveterani kililalamika kwamba jengo kubwa litaufunika. Tena, kabla uwanja haujatajwa, mpango wa Macquarie Point ulikuwa na bustani ya ukweli na maridhiano kwa ajili ya wenyeji wa asili wa kisiwa, watu waliopitia mateso makubwa mikononi mwa wakoloni. Bustani ile ilisukumwa kando.

Wa nne walikuja baadaye, nao ni watu wa kriketi. Mwaka 2025 wakuu wa kriketi wa Tasmania na wa Australia walisema kwamba paa la uwanja lingetupa vivuli kiwanjani, na kwa hali hiyo pasingefaa kwa mechi zao kubwa za mchana. Mojawapo ya faida zilizokuwa zikihesabiwa ikaingia shaka.

Serikali yatikisika

Pigo la kwanza la kisiasa lilitoka ndani. Mei 2023, wabunge wawili wa Liberal, John Tucker na Lara Alexander, walikihama chama na kukaa kama wabunge huru. Walilalamikia usiri, wakisema mkataba huu mzito ulikuwa umetiwa saini bila wabunge wa chama tawala kuoneshwa undani wake. Rockliff akabaki na serikali ya wachache.

Februari 2024, baada ya kuvutana na wawili hao, Rockliff aliitisha uchaguzi kabla ya wakati. Katika kampeni aliahidi kwamba jimbo halitatoa zaidi ya zile milioni 375, na zikihitajika nyingine zitatoka kwa wawekezaji binafsi. Msomaji aihifadhi ahadi hiyo. Uchaguzi wa tarehe 23 Machi ulimpa viti 14 kati ya 35, Labor wakapata 10, Greens 5, kikundi cha Jacqui Lambie 3 na wagombea huru 3. Tucker na Alexander wote wawili walipoteza viti vyao. Rockliff akarudi madarakani kwa kuegemea wengine.

Katika wiki hiyohiyo ya kampeni, tarehe 18 Machi, klabu ilizinduliwa kwa jina la Tasmania Devils, kutokana na mnyama mdogo mkali wa kisiwani. Uanachama wa mwanzo uliuzwa kwa dola 10, na haukupita muda mrefu wanachama wakapita 200,000, wengine wakiwa nje ya kisiwa. Kwa wanaounga mkono uwanja huo ulikuwa ushahidi tosha. Wapingaji walijibu kwamba dola 10 ni za timu, na kwamba hakuna aliyetia saini ya deni.

Baada ya uchaguzi, Labor, waliokuwa wakiupinga mpango huu chini ya Rebecca White, walimpata kiongozi mpya, Dean Winter, na chama kikageuka kikaunga mkono uwanja. Kwangu mimi hii ndiyo siku upinzani uliposhindwa, ingawa kura ya mwisho ilikuwa bado mbali. Vyama viwili vikubwa vikisimama upande mmoja, mwananchi anayepinga hubaki na Greens na wabunge huru tu wa kumsemea.

Hesabu zinaletwa mezani

Kikundi cha Lambie kilikuwa kimepata kitu kimoja cha maana kwa kuiunga mkono serikali: uchunguzi huru wa mradi. Kazi alipewa mwanauchumi Nicholas Gruen, na ripoti yake ilitoka Januari 2025. Alisema gharama halisi itapita dola bilioni moja, na kwamba kila dola itakayotumika itarudisha faida ya senti 44 hivi. Alisema pia kwamba mkataba wenyewe ulijadiliwa vibaya na hatari nyingi ziliachiwa serikali.

Wakati huo huo Tume ya Mipango ya Tasmania, chombo cha kisheria ambacho serikali yenyewe ilikikabidhi mradi ukaguliwe, ilikuwa ikifanya kazi yake. Rasimu ya ripoti yake ilipotoka Machi 2025 ikiwa na makali, serikali ilijaribu kuandaa sheria maalumu ya kuiruka tume. Ripoti kamili ilitoka Septemba 2025, nayo ilishauri wazi kwamba uwanja usijengwe. Tume iliona kwamba jengo ni kubwa kupita kiasi kwa eneo lile, kwamba litaharibu mandhari na kumbukumbu zake, na kwamba gharama yake inazidi faida yake kwa kiasi kikubwa.

Gharama nayo haikukaa ikingoja. Kutoka milioni 715 ilipanda hadi 775, ikafika 945, na kabla mwaka 2025 haujaisha ikawa bilioni 1.13, ambazo kwa shilingi zetu zinapita bilioni 90. Mchango wa AFL katika ujenzi ulibaki milioni 15. Ile ahadi ya kutozidi milioni 375 ilikwisha, na tofauti ikaelekezwa kwenye mikopo.

Uchaguzi tena, na kura ya mwisho

Juni 2025, Winter alipeleka bungeni hoja ya kutokuwa na imani na Rockliff. Sababu alizozitaja Labor zilikuwa deni la jimbo, wazo la kuuza mali za umma, na mkasa wa feri. Huo wa feri watu wa Likoni watauelewa upesi: serikali iliagiza meli mbili kubwa mpya kutoka Ufini za kuvukia bara, na moja ilipokamilika gati lake huko Devonport lilikuwa halijajengwa, ikabidi iegeshwe Scotland. Baadhi ya wabunge walioiunga mkono hoja, Greens wakiwemo, walikuwa na uwanja moyoni. Kura zilikuwa 17 kwa 17, na Spika akaamua dhidi ya Waziri Kiongozi.

Uchaguzi wa tarehe 19 Julai ulirudisha karibu picha ileile: Liberal 14, Labor 10, Greens 5, wabunge huru 5, na mmoja wa chama cha wawindaji na wakulima. Rockliff aliendelea. Winter alijaribu tena Agosti kumwondoa, akashindwa, na chama chake kikampa uongozi Josh Willie.

Novemba 2025 hoja ya kuidhinisha uwanja ilipita baraza la chini kwa kura 25 dhidi ya 9. Hao 9 walikuwa Greens wote 5 na wabunge huru 4. Mapema Desemba baraza la juu, lililokuwa tumaini la mwisho la wapingaji, liliidhinisha kwa kura 9 dhidi ya 5. Timu inatarajiwa kuingia ligini 2028.

Hoja za upande wa pili

Nisiwadhulumu wanaounga mkono. Wanasema hesabu za wachumi haziwezi kupima fahari ya kisiwa ambacho vijana wake huhamia Melbourne na Sydney wakitafuta maisha. Wanasema ujenzi utaleta kazi, uwanja wenye paa utaleta matamasha na wageni msimu wa baridi, na eneo lililokaa tupu miaka mingi litapata uhai. Na wanasema jambo moja zito zaidi: Tasmania imeomba timu kwa miongo mingi, na mlango huu ukifungwa huenda usifunguliwe tena katika maisha ya walio hai.

Hoja hii ya mwisho ndiyo iliyoshinda. Hata baadhi ya wabunge waliokiri wasiwasi kuhusu deni walipiga kura ya ndiyo kwa sababu hawakutaka wakumbukwe kama walioiua timu.

Ninavyoona mimi

Mwenye nguvu mpishe, walisema wazee. Lakini hapa wa kupishwa alikuwa nani? AFL haikuwa na haja ya kuwashawishi wananchi wa Tasmania kwamba uwanja unawafaa. Ilitosha kuwaonesha timu na kuificha nyuma ya uwanja. Baada ya hapo kila hoja ya gharama, hospitali au nyumba ilijibiwa kwa swali moja tu: wewe hutaki timu? Ripoti ya Gruen haikuweza kulijibu, wala ya tume, kwa sababu swali hilo halihusu hesabu. Wapingaji walishinda karibu kila mjadala wa takwimu na wakashindwa kura.

Ni kweli hakuna aliyevunja sheria. Bunge lilichaguliwa, lilijadili, lilipiga kura. Ila mpiga kura wa Tasmania alipelekwa debeni mara mbili, na mara ya pili vyama vyote viwili vyenye nafasi ya kuunda serikali vilikuwa na jibu moja kuhusu uwanja. Aliyetaka kusema hapana ilimlazimu aache chama chake cha siku zote.

Sisi nasi tumo katika msimu huohuo. Kenya, pamoja na Uganda na Tanzania, itaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na uwanja wa Talanta wa watu 60,000 unajengwa Nairobi. Julai 2025 dhamana ya kuugharamia, ya karibu shilingi bilioni 45, iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Hapa pia masharti ya uwanja yametoka kwa wenye mashindano, na deni limebaki kwa mwenyeji. Na sisi wa Pwani tunajua vilevile hasara ya kukaa miaka bila uwanja wa hadhi, vijana wakicheza kwenye mchanga na kokoto. Kwa hivyo simwambii mtu apinge kila uwanja. Mimi mwenyewe nautaka wetu ukamilike.

Ninachosema ni kwamba mbunge au mwakilishi wa wadi anapoletewa mkataba wa namna hii, aulize mapema, kabla ya timu kupewa jina na jezi kuuzwa. Ni nani anayetoa sharti, na yeye anachangia ngapi? Gharama ikipanda, nyongeza ni ya nani? Viwanja tulivyonavyo vimekosa nini hasa kisichoweza kurekebishwa? Tucker na Alexander waliyauliza hayo, wakapoteza viti. Wale 9 wa Novemba waliyauliza tena, wakashindwa. Maswali hayakuwa mabaya kwa sababu hiyo.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Tasmania sasa imo harusini, na nawatakia Devils ushindi mwingi. Mimi nitaendelea kuangalia bajeti zao za kila mwaka, kwani deni la uwanja huo ndipo litakapoanza kuonekana.